Jiko la Maikrowevu Linavyochakaa

Kila chombo kilichoundwa na mwanadamu huchakaa, lakini vyombo vingi humwarifu mwenyewe mapema. Panga hupungua makali, mnyororo wa baiskeli hulegea, na spika ya redio huanza kukwaruza. Jiko la maikrowevu halina desturi hiyo. Taa yake huweza kuwaka, sahani ikazunguka, feni ikavuma, na bado chakula kikatoka baridi. Pengine jiko lililokuwa zima jana usiku hukatika ghafla asubuhi, na mwenyewe akaambiwa kwamba limekufa, kana kwamba lilikuwa na roho moja tu.

Neno hilo la kufa ndilo tutakalolichambua katika makala haya. Jiko la maikrowevu halifi lote kwa pamoja. Limeundwa kwa viungo kadhaa, na kila kiungo kina umri wake na namna yake ya kuchakaa. Viungo vingine huchoka polepole kwa miaka mingi. Vingine hukatika kwa nukta moja. Na vingine, navyo ndivyo vya kuogopwa, huharibika bila kuonyesha dalili yoyote, vikamsubiri mtu atakayefungua kasha. Anayeweza kuyatofautisha makundi hayo matatu hatatupa jiko zima kwa sababu ya kipande cha bei ndogo, wala hatapoteza maisha yake kwa sababu ya kipande asichokijua.

ASILI NA UTENDAJI WAKE

Asili ya jiko hili ni vita. Mwezi Februari 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwasha kwa mara ya kwanza magnetroni yenye matundu, aina ya valvu iliyoweza kutoa mawimbi mafupi ya redio kwa nguvu kubwa kuliko zote zilizotangulia. Valvu hiyo ilitumiwa katika rada za kutafuta ndege na meli za adui. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alitambua kwamba mawimbi hayo hupasha chakula moto, na mwaka huohuo akaomba hataza ya uvumbuzi wake. Majiko ya kwanza yaliyouzwa katika miaka ya 1940 yalikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Jiko dogo la kuweka juu ya meza ya jikoni, lililopata soko kubwa majumbani, lilitolewa na kampuni ya Amana mwaka 1967.

Utendaji wake ni huu. Umeme wa nyumba hupita katika fyuzi na swichi za mlango, ukaingia katika transfoma inayoupandisha hadi volti 2,000 hivi. Kapasita na dayodi huuongeza zaidi na kuuelekeza upande mmoja, hata magnetroni ikapokea volti zipatazo 4,000. Magnetroni hugeuza umeme huo kuwa mawimbi ya megahezi 2,450, yenye urefu wa sentimita 12 hivi. Mawimbi hupita katika mfereji mfupi wa bati, yakavuka kibao chembamba, yakaingia katika chumba cha chakula. Molekuli ya maji ina ncha mbili zenye chaji tofauti. Kwa hiyo hujaribu kugeukageuka kufuata mawimbi, ikasuguana na jirani zake, na msuguano huo ndio joto.

Mawimbi hayo hayaachi mabaki yoyote katika chakula. Magnetroni ikizimika, mawimbi nayo hukoma mara moja, kama vile giza linavyoingia taa inapozimwa.

MAGNETRONI: UCHOVU WA POLEPOLE

Tuanze na moyo wa jiko. Katikati ya magnetroni mna uzi wa tungsteni uliosokotwa kama springi, uliochanganywa na thoriamu kidogo. Uzi huo hupashwa moto hadi nyuzi zaidi ya 1,600 za sentigredi, na hapo hutoa elektroni kwa wingi. Elektroni hizo huvutwa kuelekea ukuta wa shaba unaouzunguka uzi. Lakini sumaku mbili zenye umbo la pete huzipindisha njiani, zikawa zinazunguka kama nyuki kwenye mzinga. Zinapopita mbele ya matundu yaliyomo katika ukuta huo ndipo mawimbi yanapozaliwa.

Siri ya uzi huo ni utando wa thoriamu ulio juu yake, wenye unene wa atomu moja hivi. Utando huo ndio unaorahisisha elektroni kutoka. Kwa kuwa uzi ni wa moto sana, atomu za thoriamu huvukizika daima, na nyingine hutoka ndani ya tungsteni kuziba nafasi zao. Zaidi ya hayo, baadhi ya elektroni hurudi na kuugonga uzi kwa nguvu, zikaung'oa utando na kuuongezea moto. Akiba ya thoriamu si ya milele. Inapopungua, elektroni hupungua, na nguvu za jiko hupungua pamoja nazo. Hakuna kinachokatika wala kinachonuka. Jiko linazeeka tu.

Uzi huo una adui wa pili, nao ni kuwashwa na kuzimwa. Katika majiko mengi yenye transfoma, mtu anapochagua nusu ya nguvu, magnetroni haifanyi kazi kwa unyonge. Huwashwa kwa nguvu zote sekunde kadhaa, ikazimwa, kisha ikawashwa tena. Kila mara uzi hutanuka kwa moto na kunywea kwa baridi. Tungsteni iliyokaa katika moto mkali hugeuka kuwa dhaifu na rahisi kuvunjika kama kioo, na siku moja uzi hukatika. Majiko yenye inveta hupunguza nguvu bila kuizima magnetroni, kwa hiyo huupunguzia uzi mateso hayo.

Adui wa tatu ni joto la nje ya uzi. Karibu theluthi moja ya umeme unaoingia katika magnetroni haigeuki kuwa mawimbi bali hubaki pale kama joto, nalo huondolewa na upepo wa feni. Sumaku za kauri hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi. Hurudisha nguvu hizo zinapopoa, lakini pete iliyopasuka kwa joto hairudi tena katika hali yake. Ndiyo sababu jiko lililochoka huweza kupika vizuri dakika mbili za kwanza, kisha likalegea kadiri linavyoendelea.

Jiko kuwashwa likiwa tupu ni adui wa nne. Chakula kisipokuwamo, mawimbi hayana wa kuyapokea. Hurudi yalikotoka na kuipasha moto magnetroni yenyewe. Aliye na watoto nyumbani hufanya vyema kuacha bilauri ya maji ndani ya jiko lisilotumika.

Je, magnetroni hudumu muda gani? Kwa majiko ya nyumbani hukadiriwa kwa kawaida kufikia saa 2,000 hivi za kufanya kazi. Hesabu hiyo inafundisha jambo. Familia inayotumia jiko kwa dakika 20 kila siku itazimaliza saa hizo kwa siku 6,000, yaani miaka zaidi ya 16. Mkahawa unaolitumia jiko la namna ileile saa 4 kwa siku utazimaliza kwa siku 500. Basi swali la kumwuliza auzaye jiko kuukuu si limetumika miaka mingapi, bali limetumika wapi.

KUPIMA UCHOVU KWA LITA MOJA YA MAJI

Kwa kuwa uchovu wa magnetroni hauonekani kwa macho, yafaa upimwe. Kipimo chenyewe hakihitaji kufungua kasha. Kinahitaji lita moja ya maji ya baridi, bakuli jepesi lisilo la chuma, saa, na kipimajoto kama vile vya maabara za shule.

Koroga maji na upime halijoto yake. Weka bakuli katikati ya jiko, kisha liwashe kwa nguvu zote kwa dakika 2 kamili. Toa bakuli, koroga tena, upime mara moja. Tofauti ya halijoto uizidishe kwa 35. Jibu ndilo nguvu ya jiko kwa wati.

Asili ya tarakimu 35 ni hii: ili lita moja ya maji ipande kwa nyuzi moja zinahitajika jouli 4,200 hivi, na dakika 2 ni sekunde 120. Gawanya 4,200 kwa 120 utapata 35. Mathalani, maji yakianza kwa nyuzi 26 na kuishia 47, tofauti ni 21, na nguvu ni wati 735. Kama kibandiko cha nyuma ya jiko kinasema nguvu ya kupikia ni wati 800, hali hiyo ni nzuri, kwa sababu bakuli nalo huchukua sehemu ya joto. Lakini tofauti ikiwa ni 13 tu, yaani wati 455, jiko limechoka sana, au umeme wa siku hiyo ni hafifu. Rudia kipimo siku nyingine kabla ya kuhukumu, na wakati wote jiko liwe limepoa.

Kipimo hiki si mchezo wa maabara. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilicholala kipashwe moto hadi nyuzi zisizopungua 70 ndani yake ili vijidudu vife. Mama aliyezoea kupasha wali wa jana kwa dakika 3 ataendelea na dakika zilezile hata jiko likiwa limepungukiwa nusu ya nguvu. Wali utatoka na uvuguvugu unaopendeza mkononi, na unaopendeza vijidudu vilevile.

TRANSFOMA, DAYODI NA KAPASITA: KUNDI LA HATARI

Transfoma ni kiungo kigumu. Kinachozeeka ndani yake si shaba wala chuma, bali vanishi na karatasi zinazozuia waya zisigusane. Wahandisi wana kanuni ya makadirio iliyotumika tangu miaka ya 1930: kila joto la transfoma linapozidi kwa nyuzi 10, umri wa kihami chake hupungua kwa nusu. Jiko lililobanwa ukutani, lisilo na nafasi ya hewa kupita, linaupunguza umri huo kila siku.

Hapa kuna onyo kwa wanaoagiza majiko kutoka nchi za nje. Afrika ya Mashariki hutumia umeme wa hezi 50, ilhali Marekani, Kanada na Saudi Arabia hutumia hezi 60. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60, ikitumiwa kwa hezi 50 kwa volti zilezile, hulazimika kubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20 katika kiini chake. Hushiba, ikavuma kwa sauti kubwa na kupata moto kupita kiasi. Kifaa cha kushusha volti kutoka 230 hadi 120 hakiponyi tatizo hilo, kwa sababu kinabadili volti tu wala hakibadili hezi. Kibandiko cha jiko husema hezi ngapi. Kisomwe kabla ya kulipa.

Dayodi, tofauti na transfoma, hufa ghafla. Ni mnyororo wa vipande vya silikoni uliofungwa ndani ya kijiti cheusi cha plastiki. Volti zinapopita kiasi, hasa pale umeme uliokatika unaporudi kwa kishindo, kipande kimoja hutoboka, vingine hufuata, na dayodi yote ikapiga shoti. Dalili yake ni mvumo mzito usio wa kawaida na chakula kisichopata moto. Ni kiungo cha bei ndogo, na majiko mengi yanayosemwa kuwa magnetroni imekufa yana dayodi iliyokufa tu.

Kapasita ndiyo tunayotaka msomaji aikumbuke kuliko vyote. Ni kopo la bati lenye ukubwa wa pakiti ndogo ya chai, lina tando za plastiki na metali zilizolowekwa katika mafuta, na uwezo wake ni mikrofaradi moja hivi. Jiko linapofanya kazi, kapasita hushiba umeme hadi volti zaidi ya 2,000. Jiko linapozimwa, umeme huo hauna pa kwenda. Kwa sababu hiyo waundaji huweka ndani ya kopo kikinza, ambacho mafundi hukiita rezista, chenye megaohimu 10 hivi, ili kiuvujishe. Kikiwa kizima, baada ya dakika moja hubaki volti chache tu.

Lakini kikinza nacho huchakaa. Joto na volti kubwa za miaka mingi huweza kukikata. Na kikikatika, jiko huendelea kupika vizuri kama kawaida. Hakuna taa inayowaka wala sauti inayobadilika. Tofauti ni moja tu: sasa kapasita hubaki na umeme wake kwa saa nyingi, pengine siku, hata plagi ikiwa imechomolewa na kuwekwa mfukoni. Fundi aliyefungua majiko mia moja na kukuta kapasita tupu hana uhakika wowote juu ya jiko la mia na moja.

Tena fundi aliyezoea redio na pasi huweza kudhani kwamba volti ni volti tu. Sivyo. Wakati jiko limewaka, transfoma yake hutoa volti 2,000 ikiwa na uwezo wa kupeleka theluthi moja ya ampea au zaidi, na sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo usipige sawasawa. Kati ya vyombo vya umeme vinavyopatikana jikoni ni vichache vinavyoua upesi kama hiki. Na hatari hiyo haiishi jiko linapotupwa: nchini Marekani na Uingereza wamekufa watu waliochomoa transfoma za majiko mabovu na kuzitumia kuchora nakshi za moto juu ya mbao.

Kwa hiyo tunatoa kanuni nne kwa mafundi, na tungependa zibandikwe ukutani:

1. Usipime volti kubwa za jiko likiwa limewaka, hata kama una mita nzuri. Ubovu wa viungo hivi hujulikana kwa kuvipima jiko likiwa limechomolewa.

2. Baada ya kuchomoa plagi, subiri dakika zisizopungua tano, kisha ivujishe kapasita kwa kikinza kikubwa kilichofungwa kwenye waya zenye kihami imara. Fanya hivyo kila mara, hata ukiamini kuwa ni tupu.

3. Usiguse kitu chochote ndani ya kasha kabla ya kuthibitisha kwa mita kwamba kapasita ni tupu. Usifanye kazi hii peke yako.

4. Usivunje wala kusaga kauri ya magnetroni. Baadhi ya magnetroni zina beriliamu oksidi, ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Kwa mtu asiye fundi kanuni ni moja: usifungue kasha.

MLANGO, SWICHI NA FYUZI

Watu wengi huogopa kwamba jiko kuukuu huvujisha mawimbi. Uzee wa magnetroni hauna uhusiano na jambo hilo; kinyume chake, magnetroni iliyochoka hutoa mawimbi machache. Kinachozuia mawimbi ni mlango. Wavu wa bati ulio katika dirisha lake una matundu ya milimita moja au mbili, madogo mno kwa wimbi la sentimita 12. Pembezoni mwa mlango mna mfereji uliofichwa wenye kina cha robo ya wimbi, yaani sentimita 3 hivi, unaoyarudisha ndani mawimbi yanayojaribu kutoka. Mfereji huo hufanya kazi kwa vipimo vyake. Bawaba ikilegea, mlango ukipinda kwa kuangushwa, au mafuta na mabaki ya chakula yakiganda pembezoni, vipimo hubadilika.

Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1971 huruhusu jiko jipya livujishe si zaidi ya miliwati 1 kwa sentimita mraba, likipimwa sentimita 5 kutoka mlangoni, na si zaidi ya miliwati 5 katika umri wake wote. Sheria hiyo yenyewe inakiri kwamba mlango huchakaa. Mawimbi hupungua haraka kwa umbali: penye nusu mita nguvu yake ni sehemu moja ya mia ya ile iliyopo penye sentimita 5. Wapo wanaoweka simu ndani ya jiko lililozimwa na kuipigia, na ikiita wanasema jiko linavuja. Kipimo hicho hakifai, kwani simu huweza kupokea mawimbi hafifu mno kuliko kiasi chochote chenye madhara.

Nyuma ya mlango mna swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa. Ya tatu ni mlinzi. Ikiwa swichi kuu imegandamana na kukataa kukata, mlinzi hupiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue na jiko lizimike. Vidole vya swichi huliwa na cheche, hasa kwa watu wenye tabia ya kufungua mlango wakati jiko linapika. Kila ufunguzi wa namna hiyo huikata njia ya umeme mwingi kwa ghafla, na cheche huruka. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kwanza, ndipo ufungue. Tabia hiyo ndogo huongeza umri wa swichi kwa miaka.

Hapo ndipo tunapofikia kosa lililo la hatari kuliko yote yanayotendwa katika vibanda vya ufundi. Jiko huletwa likiwa limezimika kabisa. Fundi hukuta fyuzi imeungua, akaweka mpya, nayo ikaungua mlango ulipofunguliwa. Badala ya kuuliza sababu, huweka waya wa shaba. Jiko linawaka, mteja anafurahi. Kilichotendeka ni kwamba mlinzi alipiga kelele, naye akazibwa mdomo. Swichi kuu bado ni mbovu, na ngao ya mwisho imeondolewa. Swichi nyingine ikigandamana nayo, jiko litaweza kupika mlango ukiwa wazi, mbele ya uso wa mtoto anayechungulia chakula chake. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza. Ikipata joto la mawimbi huweza kuingia mtoto wa jicho.

Fyuzi iliyoungua ni swali, na jibu lake litafutwe katika swichi, katika dayodi na katika kapasita. Waya wa shaba si jibu.

KIBAO CHA ULANGA NA KUTA ZA NDANI

Katika ukuta wa chumba cha chakula, kwa kawaida upande wa kulia, kuna kibao chembamba cha rangi ya kijivu au kahawia kinachofanana na karatasi ngumu. Hicho ni ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa katika milima ya Uluguru enzi za ukoloni. Ulanga hupitisha mawimbi bila kupata moto na hustahimili joto kali. Kazi yake ni kuzuia mvuke na mafuta yasiingie katika mfereji wa magnetroni.

Ulanga wenyewe hauzeeki upesi. Kinachouharibu ni uchafu. Tone la mafuta au mchuzi likiganda juu yake hupata moto kila jiko linapowashwa, likageuka kuwa kaboni. Kaboni hupitisha umeme. Cheche huruka, kibao kikatoboka, na tundu likaendelea kupanuka. Mwenye jiko huona miali na kunusa moshi, akaamini kwamba chombo kimelipuka. Ukweli ni kwamba kipande cha ulanga huuzwa kwa bei ndogo, hukatwa kwa mkasi kufuata umbo la kile cha zamani, na kwa kawaida hubadilishwa kwa upande wa ndani bila kufungua kasha. Asiyekibadilisha mapema, cheche zitapenya hadi kwenye kofia ya magnetroni na kuiunguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Rangi ya kuta za ndani nayo ni ngao. Ikichubuka, mvuke hulifikia bati, kutu huanza, na kingo za kutu huita cheche. Kufuta jiko kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni baada ya kupika ni matengenezo bora kuliko yote, na hayana gharama.

VIUNGO VIDOGO NA HALI YA NCHI ZETU

Feni, mota ya sahani na rilei hazina mengi ya kusimulia. Feni hujaa vumbi na kukauka mafuta; ikizembea, magnetroni hupata moto na thamostati hukata umeme, na jiko hurudi lenyewe baada ya kupoa. Gia za plastiki za mota ya sahani huliwa meno. Vidole vya rilei huungua kama vya swichi.

La kuzingatia ni mazingira. Mijini pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, hewa yenye chumvi na unyevu huingia katika matundu ya kasha na kula viungio vya waya. Kiungio kilichoshika kutu hupata moto, na moto huongeza kutu. Mende nao hupenda joto la kibao cha elektroniki; miili na vinyesi vyao huunganisha njia za umeme zisizopasa kuunganishwa. Mwisho ni volti zinazopanda na kushuka. Zikishuka sana, uzi wa magnetroni haupati moto wake kamili na jiko hupika kwa shida. Zikirudi kwa ghafla, dayodi na kapasita huumia. Umeme unapokatika, chomoa plagi, uirudishe dakika chache baada ya umeme kutulia.

KUTENGENEZA AU KUTUPA?

Kwa ufupi, hukumu ni hii. Jiko linalotoa cheche ndani, sahani isiyozunguka, fyuzi iliyoungua, swichi iliyogandamana, dayodi iliyopiga shoti na feni iliyokwama ni mambo yanayotengenezeka, mradi fundi anazijua kanuni tulizozitaja. Magnetroni iliyochoka hubadilishwa ikiwa bei yake ni ndogo ukilinganisha na jiko jipya, na ikiwa kasha halina kutu. Transfoma iliyoungua mara chache hulipa gharama zake. Mlango uliopinda, bawaba zilizong'oka, au chumba kilichotobolewa na kutu ni hukumu ya mwisho: jiko hilo lisitumike tena hata kama linapika vizuri, wala lisiuzwe kwa mwingine.

Jiko linaloondolewa kazini likatwe waya wa plagi, ili pasiwepo wa kulijaribu. Lipelekwe kwa fundi anayejua kuivujisha kapasita, naye ndiye atakayetoa shaba, chuma na vipuri vinavyofaa kutumika tena. Lisiachwe jaani penye watoto wanaotafuta sumaku.